Jamani, Keputih!

Mwenzangu, acha unachofanya, sogea hapa, maana haya mambo nikiyaweka moyoni mpaka kesho nitapasuka. Nimerudi kutoka Surabaya. Puani bado kuna karafuu, ulimi bado unawaka, na kichwani hamna kingine ila mtaa mmoja tu: Keputih. Uko mashariki ya mji, ukingoni kabisa, pale nyumba zinapokwisha mikoko ikaanza, na mikoko inapokwisha yakaanza maji ya Mlango wa Madura. Watalii wote mbio mbio Bali, wanaipita Surabaya juu kwa juu, mji wa pili kwa ukubwa Indonesia nzima, mji wa watu karibu milioni tatu, mji wa bandari wenye joto, kelele, ukarimu, pilipili, bustani, na bado! Wacha wapite. Wewe usipite. Nakuomba, usipite.

Nianze na lile lililoniacha mdomo wazi. Keputih palikuwa jaani! Jaa kuu la taka za Surabaya lilikuwa hapahapa, malori yakimwaga usiku na mchana, harufu ikiingia mpaka vyumbani, hadi wakazi wakachoka, wakapaza sauti, na jaa likafungwa mwaka 2001. Sasa nenda leo. Palepale penye zile taka pana Taman Harmoni, bustani pana, ya kijani, safi ajabu, yenye maua ya zambarau na ya manjano na ya waridi yaliyosongamana mpaka hujui uangalie wapi. Na karibu nayo kuna msitu wa mianzi. Mianzi, ndugu yangu! Mirefu, minene, inainamiana juu ya kichwa chako na kulia kriii, kriii kila upepo wa bahari unapopita. Niliweka kiganja juu ya mwanzi mmoja, saa sita mchana, jua linapasua utosi, nikakuta ubaridi. Ubaridi hasa! Nikainama nikanusa ardhi kwa makusudi, nitafute ile harufu ya zamani. Hamna. Udongo uliolowa, majani, basi.

Na hili halikujileta lenyewe. Surabaya ilikuwa na meya mwanamke kuanzia 2010 hadi 2020, Tri Rismaharini, msanifu majengo aliyesoma katika chuo kikuu kinachopakana na Keputih, na kabla ya umeya alikuwa mkuu wa idara ya usafi na bustani za mji. Huyo mama alikuwa na wazimu mzuri wa miti. Kila kipande cha ardhi kilicholala aliona bustani, na barabarani ikapandwa mitabebuya kwa safu ndefu ndefu, miti ambayo kiangazi kinapoelekea ukingoni, Oktoba au Novemba, inamwaga majani na kuvaa maua matupu. Barabara nzima inageuka waridi! Watu wanasimamisha pikipiki, wanapiga picha, wanacheka peke yao. Mimi nilicheka pia, na sioni haya.

Haya, twende vichochoroni, maana roho ya Keputih iko huko. Barabara kubwa za Surabaya zinakimbia na kupiga honi, lakini kata kona moja tu, ingia kichochoroni, na kelele zote zinakatika ghafla. Kimya jii! Kuta za nyumba zimepakwa rangi za kuchangamsha, na juu ya kuta kuna vyungu vya maua, pilipili, mchaichai, tangawizi, vyungu vingine vya makopo, vingine vya ndoo zilizopasuka. Kwenye vichochoro vingi kuna kibao kinachomtaka mwenye pikipiki ashuke na azime injini. Na wanashuka, jamani! Nimemwona kijana na pikipiki lake jipya linalong'aa akizima, akisukuma, akiinamisha kichwa mbele ya kila kibaraza: monggo, Pak, monggo, Bu. Hivyo ndivyo anavyopita mtu mbele ya mkubwa huko. Mimi nikaiga siku hiyohiyo, na kila nilipoinama wazee walinijibu kwa tabasamu pana, na mama mmoja akanikalisha kibarazani akaniletea ndizi za kukaanga, moto moto, ngozi ya nje inavunjika kwa mlio, ndani uji mtamu unaounguza kaakaa. Sikuwa nimemwomba chochote!

Halafu jioni. Loo, jioni! Wauza chakula wanaanza kupita na mikokoteni, na kila mmoja ana mlio wake. Tek-tek-tek, ukingo wa karai unagongwa: huyo ni wa tambi za kukaanga. Ting-ting-ting, kijiko na bakuli: huyo ni wa bakso, madonge ya nyama yanayoelea katika supu nyepesi yenye mvuke. Mwingine ana kengele, mwingine kinanda cha kielektroniki kinachoimba wimbo uleule wa mkate hadi uuote ndotoni. Sisi tuliolelewa na mwuza kahawa anayegonganisha vikombe usiku hatuhitaji kufundishwa: masikio yanaamka kabla ya tumbo. Nilikaa ngazini nikafumba macho, nikawa nabahatisha nani anakuja, na watoto wa kichochoro wakaanza kunisahihisha kwa vicheko, mpaka tukawa darasa zima.

Sasa nikupeleke kwenye chumba, maana chumba ndicho siri ya mtaa huu. Keputih inapakana na ITS, chuo kikuu cha teknolojia kinachobeba tarehe 10 Novemba katika jina lake, kwa heshima ya vita vya Surabaya vya mwaka 1945, na maelfu ya wanafunzi wake wanahitaji mahali pa kulala. Kwa hiyo mtaa mzima umejaa kos. Kos ni nyumba ya vyumba vya kupanga, na hakuna njia tamu zaidi ya kuuonja mji huu. Kuna za wanaume, kuna za wanawake, kuna za mchanganyiko. Kuna zenye kiyoyozi na bafu la ndani, kuna zenye feni na bafu la pamoja uani. Mimi nilichukua ya feni, na ninairudia tena na tena moyoni: vigae vya sakafu vyenye ubaridi chini ya unyayo, dirisha linalotazama mwembe, kitanda kigumu kidogo, na bafuni birika kubwa la vigae limejaa maji pomoni na kata ya plastiki inaelea juu yake. Unachota, unajimwagia utosini, pwaa! Baada ya joto la siku nzima ya Surabaya, kata ya kwanza inakutoa ukelele. Ya pili inakutoa wimbo.

Na mwenye nyumba! Anaitwa Ibu Kos na kila mpangaji, jina lake halisi wengi hawalitumii kabisa. Anajua nani kala, nani hajalala, nani ana mtihani. Lango linafungwa usiku kwa saa maalumu, na kama wewe ni mgeni atakupeleka kwa Pak RT, mjumbe wa nyumba za jirani, ujulikane. Wenye kupenda kuishi bila kuulizwa wanaweza kuona ni usumbufu. Mimi nilipenda mno, mno! Kufika kwa Pak RT na pasipoti mkononi, kunyweshwa chai yenye sukari ya kutosha kutia gundi midomo, kuulizwa kwenu wapi, mvua ikoje, wali mnakula? Kesho yake kichochoro kizima kinakujua. Na ikifika siku ya usafi wa pamoja unapewa fagio na wewe, bila maneno mengi, unafagia mtaro ubavuni mwa mhadhiri wa chuo na mwuza tofu, na mwisho wake mnakula pamoja mkekani.

Wapangaji wenzangu walitoka kila kona ya visiwa: Aceh, Sulawesi, Papua, na bado! ITS pia hupokea wageni kwa ufadhili ambao serikali ya Indonesia huutoa kwa vijana wa nchi zinazoendelea, zetu zikiwemo, kwa ajili ya shahada za juu. Una mtoto wa ndugu anayehangaika kutafuta chuo? Mtajie hilo leo leo, usingoje kesho.

Kula sasa. Hapa itabidi unishike mkono nisiruke. Usiku karibu na chuo vibanda vya turubai vinawasha taa, na kila kimoja kinasaga pilipili kinuni. Kuku, au bata, au tofu, au bilinganya, inakaangwa mpaka ikauke nje, kisha inawekwa juu ya pilipili mbichi iliyosagwa na kupondwa kwa mchi, paap! ili mafuta yake na ule ukali viingiane. Bata la Kimadura, lenye viungo vyeusi vinavyong'aa kwa mafuta, hilo ndilo lililonikamata. Nilikula kwa mkono, machozi yananitoka, pua inachuruzika, nikaagiza wali mwingine. Halafu kuna petis, ule mchuzi mzito mweusi wa kamba, mtamu na wenye chumvi kwa pamoja, unaomiminwa juu ya tofu la mayai, viazi na machipukizi ya maharage. Mara ya kwanza ulimi unashtuka. Mara ya pili unadai!

Na baada ya kula ni kahawa, kwenye warkop, vibanda vya kahawa vya bei chee ambako vijana wanakaa na kompyuta zao mpaka usiku wa manane. Hapo ndipo karafuu zilipoingia puani mwangu. Wazee wanavuta kretek, sigara zilizochanganywa karafuu, zinalia tik-tik zikiungua, na harufu inatanda kibandani kote. Mimi sivuti na sikushauri uvute, lakini ile harufu ilinipiga kifuani. Hizo karafuu! Mbegu yake asili ni visiwa vya Maluku hukohuko Indonesia, ikasafiri ikafika Unguja na Pemba, na kwa miongo mingi Indonesia ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar kwa ajili ya kretek hizihizi. Nilimweleza mwenye kibanda kwa Kiindonesia changu cha kuokoteza, akapiga kelele ya furaha, akawatangazia wote, na kahawa yangu ikawa ya bure.

Tena usikomee Keputih. Pikipiki ya kukodi kwa simu, dakika chache, uko Kenjeran, ufukweni. Usitegemee mchanga mweupe, la, hapa ni tope tupu, ngalawa za rangi kali, samaki wadogo wameanikwa mpaka kandokando ya njia, na kwa mbali daraja la Suramadu, kilomita 5.4 juu ya maji mpaka kisiwa cha Madura, lililofunguliwa mwaka 2009. Agiza lontong kupang: kome wadogo wadogo, wadogo mpaka huamini, juu ya wali uliobanwa katika jani la mgomba, petis chini, ndimu juu, na pembeni dafu lenye barafu. Shushia na dafu hilo!

Upande mwingine, kaskazini ya mji, kuna Ampel. Ewe mtu wa Lamu, ewe mtu wa Mombasa na Unguja, nakuonya mapema usije ukalia. Msikiti wa Sunan Ampel ulianza mwaka 1421, na pembezoni mwake kuna mtaa wa Waarabu wa asili ya Hadhramaut, ileile Hadhramaut iliyoleta masharifu na wafanyabiashara kwetu. Kofia, tende, udi, vikoi, nyama ya mbuzi iliyookwa, mkate wa kusukuma wenye matabaka wanaouita maryam. Na majina! Niliona Al-Haddad juu ya duka na miguu ikagota chini. Mzee dukani alinipa kahawa yenye tangawizi na tukaanza kuhesabu bandari ambazo watu wake walitia nanga.

Najua unaniuliza: na pesa? Mtaa mzuri, sawa, lakini mtu anaweza kuweka senti zake hapo? Anaweza, tena macho yangu yaliwaka nilivyoona mzunguko ule. Chuo kinaleta wanafunzi, wanafunzi wanataka vyumba, vyumba vinaleta kufua nguo kwa kilo, kibanda cha nakala, duka la galoni za maji na mitungi midogo ya kijani ya gesi, kibanda cha bata. Karibu kila nyumba ina biashara usoni na familia mgongoni! Wenyeji wanaongeza ghorofa moja, wanakata vyumba, na kodi inalipa ada za watoto wao. Barabara ya pete ya mashariki imewasogeza karibu na mji, na ng'ambo kidogo mitaa mikubwa yenye geti na maduka ya kifahari inazidi kuinuka.

Lakini nisikilize vizuri hapa, maana nakupenda na sitaki ulizwe. Sheria ya ardhi ya Indonesia ya mwaka 1960 inampa umiliki kamili, hak milik, raia peke yake. Mgeni mwenye kibali cha kuishi anaweza kupata hak pakai, haki ya kutumia, ambayo kanuni ya mwaka 2021 imeipa miaka 30, kisha nyongeza ya 20, kisha 30 mingine ikihuishwa. Miaka themanini, mwenzangu! Mtu anazaliwa na kuzeeka humo. Kufanya biashara ya vyumba ni njia nyingine, ya kampuni iliyosajiliwa kwa mtaji wa kigeni, na mtaji wake si wa mchezo. Atatokea mtu mwema, mcheshi, akuambie tuandike kwa jina langu, ndugu, wewe utakuwa mwenyewe kwa siri. Kimbia! Kimbia bila viatu! Mkataba huo sheria inauhesabu batili, na ardhi inaangukia mikononi mwa serikali.

Na kuna jambo la Surabaya peke yake, la lazima ulijue: surat ijo, hati za kijani. Katika mitaa kadhaa ya mji watu wanaishi vizazi kwa vizazi juu ya ardhi ya halmashauri, wakiwa na kibali chenye jalada la kijani na kulipia matumizi kila mwaka. Nyumba nzuri, jirani wazuri, bei inayovutia kupita kiasi, na ardhi si ya mwenye kukuuzia. Kwa hiyo ukiambiwa bei ikakufanya uruke, omba kuona hati kabla hujatua. Peleka nakala kwa PPAT, ofisa wa hati za ardhi, aihakiki ofisi ya ardhi. Na tembea wakati wa mvua, Januari au Februari, uvue viatu, uone maji yanasimama wapi! Upande huu wa Surabaya sehemu kubwa ilikuwa mabwawa ya kufugia samaki na kamba, udongo wake ni laini, na nyumba iliyosimamishwa kwa haraka juu ya bwawa lililofukiwa inaonyesha nyufa. Pita kidole ukutani. Mimi nilipitisha katika kila nyumba niliyoonyeshwa, wenyeji wakacheka, wakanionyesha nyufa nyingine ambazo sikuziona. Na ukanda wa mikoko ni hifadhi, kwa hiyo anayekuuzia kiwanja chenye mandhari ya mikoko karibu mno, muulize mara mbili, mara tatu.

Ndiyo maana nasema kwa sauti ya juu: panga kwanza! Chukua chumba, au kodi nyumba nzima kwa mwaka, wenyeji wamezoea kupokea kodi ya mwaka kwa mkupuo. Kaa, fagia mtaro, kula bata, mjue Pak RT. Habari ya nyumba inayouzwa kwa haki inapita kichochoroni kabla haijafika kwa dalali yeyote, na inamfikia yule anayejua kusema monggo. Mama yule wa ndizi za kukaanga alinitajia nyumba mbili ambazo hazina kibao chochote mlangoni, akanieleza hati zake, ukoo wa wenye nazo, na ni ipi inayoingia maji. Ushauri wa namna hiyo utaununua wapi?

Nenda Agosti, kama unaweza. Tarehe 17 ni siku ya uhuru wao na vichochoro vyote vinavishwa nyekundu na nyeupe, watoto mikono nyuma wanashindana kula kerupuk, zile chipsi za unga, zinazoning'inia kwenye uzi, vijana wanapanda mnara wa mti wa mpopoo uliopakwa mafuta, wanateleza, wanaangukiana, wanapanda tena, mama zao wanapiga vigelegele, na bado! Lakini mwezi huohuo ndio wanafunzi wapya wanaingia na vyumba vinakwisha chapuchapu, kwa hiyo shika chumba Juni, Julai ikichelewa sana, cha ghorofa ya juu, chenye dirisha la upande wa mashariki, upepo wa bahari unaingilia hapo. Na ukimpigia simu Ibu Kos, anza na salamu ndefu ndefu kabla hujauliza bei.